Waya wa Kijani

Msomaji mpendwa, nitakalokusimulia ni jambo dogo kwa mtazamo wa mbali. Halikutokea vitani wala baharini. Lilitokea katika ua wa nyuma wa nyumba yetu Mombasa, chini ya paa la mabati, baina ya karo la kuoshea vyombo na kamba ya kuanikia nguo. Waliohusika walikuwa wanne: mashine ya kufulia, panya, mama yangu mzazi, na mimi. Kati ya hao wanne mimi ndiye niliyekosa zaidi, kwani panya alifuata maumbile yake tu, hali mimi nilikuwa na elimu, na miwani, na jina la mwalimu.

Yafaa kwanza umjue mama yangu. Baba alifariki tungali wadogo, akamwachia watoto watano na cherehani mbovu. Mama alitulea kwa kufua nguo za watu. Alitoka alfajiri, akarudi alasiri, na nguo nyingine alizileta nyumbani akazifua usiku kwa mwanga wa kandili. Mikono yake ilipasuka kwa sabuni na maji ya chumvi ya kisimani, ikawa na nyufa zisizofunga mwaka mzima. Siku ya Idi alipotiwa hina, ile hina iliingia katika nyufa ikafanya michoro ambayo mpakaji hakuikusudia. Mimi niliiona nikiwa mtoto nikadhani ndiyo mitindo ya watu wazima.

Basi mwaka 2011 kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi Dubai, alimletea mama mashine ya kufulia yenye mlango wa kioo. Ilikuwa imekwisha kutumika na watu wengine, lakini ilikuwa nzima. Siku ya kwanza mama alivuta kigoda, akaketi mbele ya kile kioo, akatazama nguo zikipinduka tangu mwanzo hata mwisho, saa nzima na zaidi. Nilimwuliza, "Mama, huchoki kutazama?" Akanijibu, "Naitazama kazi yangu ikifanywa na mwingine." Tangu siku hiyo hakuna kitu nyumbani mwetu kilichoheshimiwa kuliko kile. Kilifunikwa kitambaa cha kufuma kila kilipopumzika.

Mashine ilifanya kazi miaka mitano bila ya lawama. Mwezi wa Mei mwaka 2016, masika yakiwa yamekaza, ilisimama ghafula na maji tumboni. Mama aliniita, nami nikaja na bisibisi.

Hapa naomba nikuambie ukweli kuhusu ujuzi wangu. Mimi husomesha Kiswahili na historia. Katika mambo ya umeme nilikuwa nimebadili balbu nyingi na plagi mbili. Fedha za kumlipa fundi nilikuwa nazo, kwa hiyo siwezi kusingizia umaskini. Kilichonisukuma ni kwamba mama alikuwa akiwaambia majirani kuwa mwanawe hakuna asilolijua, nami sikutaka majirani wapate habari nyingine.

Nilizima swichi ya ukutani nikadhani tahadhari imetosha. Nikaigeuza mashine, nikafungua bamba la nyuma. Ndani nilikuta kiota cha panya kilichotengenezwa kwa nyuzi za taulo letu wenyewe. Mashine nyingi za namna hii zina uwazi chini yake, na panya aliyelowana kwa mvua hawezi kupata chumba kizuri kuliko hicho, kikavu na chenye joto. Tena meno ya mbele ya panya hayakomi kukua maisha yake yote, na hana budi kuyapunguza kwa kutafuna. Alichokikuta cha kutafuna ni nyaya zilizoingia kutoka ukutani.

Nyaya hizo ni tatu. Huenda wewe umekwisha kufundishwa darasani, lakini vumilia nikueleze, kwani ndipo kosa langu lilipo. Wa kwanza ni wa rangi ya kahawia, nao ndio unaoleta umeme. Mafundi huuita waya wa moto. Wa pili ni wa buluu, nao huurudisha umeme baada ya kufanya kazi yake. Mashine ingeweza kuzunguka kwa hizo mbili peke yake. Wa tatu ni wa kijani wenye mistari ya manjano, na huu hauchukui umeme hata kidogo siku zote mambo yakiwa salama. Umefungwa kwa skrubu kwenye mwili wa chuma wa mashine upande mmoja, na upande wa pili hufuata waya za nyumba mpaka kwenye fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini. Kazi yake ni kungoja. Ikiwa siku moja waya wa moto utachubuka na kugusa mwili wa mashine, umeme utakimbilia ardhini kwa njia hiyo nyepesi, kwa wingi na kwa ghafula, fyuzi ikatike, na mashine izimike kabla ya mtu kuigusa. Usipokuwapo waya huo, umeme hukaa juu ya chuma kimya, ukingoja njia nyingine. Njia hiyo ni mtu.

(Rangi hizi usizitegemee kila mahali. Katika nyumba zetu za zamani utakuta wa moto ni mwekundu, wa kurudisha ni mweusi, na wa ardhi ni kijani kitupu. Marekani mweusi ndio wenye moto. Mtu aliyezoea desturi moja akikutana na nyingine aweza kuuawa na rangi.)

Panya wetu alikuwa ameukata kabisa waya wa kahawia. Wa buluu aliumenya nusu. Wa kijani aliukata mahali pawili, na kipande cha urefu wa kidole kilikuwa kimetoweka. Nilichukua kisu cha jikoni, nikazichuna ncha za waya wa kahawia, nikazisokota pamoja kama mtu asokotavyo utambi, nikazungusha tepu. Wa buluu nikauzungushia tepu vilevile. Nilipofika kwa wa kijani, ncha zake hazikufikiana. Nikakaa kitako nikafikiri. Kisha nikapata wazo la kujaribu mashine bila ya waya huo, nione kama waihitaji. Nikawasha. Mashine ikazunguka.

Msomaji, usinicheke upesi. Kitu kikifanya kazi mbele ya macho yako, ni vigumu kuamini kwamba kimepungukiwa. Niliikunja ile ncha ya kijani nikaisukuma pembeni, nikafunga bamba. Mama alipiga vigelegele. Jirani mmoja alichungulia ukutani akanipongeza, nami nikanawa mikono taratibu, kama wafanyavyo madaktari.

Zikapita wiki sita.

Jumamosi moja nilipita uani nikamwona mama akisimama mbele ya mashine, amevaa champali za mpira, na mkononi ana mwiko wa kupikia. Kwa ncha ya mwiko alibonyeza kitufe cha kuwashia. Nikamwuliza sababu.

"Mwanangu, kitu hiki chauma," akasema.

"Chauma namna gani?"

"Kama sisimizi. Si sana. Nikivaa champali na kukigusa kwa mti, hakina neno."

"Tangu lini, mama?"

Hakunijibu upesi. Alikisogeza kitambaa chake cha kufuma, akakikunja. Halafu akasema, "Tangu siku ile ulipokitengeneza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Kwa aibu nakuandikia kwamba hata hapo sikumsadiki sawasawa. Nilidhani ni hofu ya wazee. Nilikuwa pekupeku, na sakafu ilikuwa na maji. Nikanyoosha mkono nikagusa ubavu wa mashine. Mkono wote ulinitetema mpaka begani, meno yakagongana, nikajikuta nimeketi juu ya beseni. Mama alikuwa amekwisha kuzima swichi ya ukutani kwa ule mwiko.

Nilipopata kusema, jambo la kwanza nililolikumbuka ni binti yangu. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka minne, na mchezo wake mkubwa ulikuwa kuegemeza pua na viganja juu ya kile kioo kutazama nguo zikicheza. Nikauliza kwa sauti ambayo sikuitambua kuwa ni yangu. Mama akasema, "Nilimkataza tangu wiki ya kwanza. Nilimwambia mashine ni mgonjwa, asiisumbue." Basi bibi yake alikuwa amekilinda kichwa cha mtoto na heshima ya baba yake, vyote viwili kwa pamoja, kwa wiki sita, na silaha yake ilikuwa mwiko.

Siku ya pili nilikwenda kumtafuta fundi mmoja mzee aliyewahi kufanya kazi miaka mingi katika karakana za bandarini. Nilimwamkia, akaitikia, akanisikiliza habari yote bila ya kunikatiza. Aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, waya wa kijani uliufanya nini?" Nilipomjibu, alivaa viatu vyake.

Napenda nikusimulie alivyofanya kazi kwa utaratibu, maana nimewaona watu wengi wakifanya kazi, lakini si wengi niliowaona wakijiogopesha kwa makusudi namna ile. Kwanza alichomoa plagi. Hakuridhika. Aligeuza plagi, akaing'oa fyuzi yake kwa ncha ya bisibisi, akaitia katika mfuko wa shati. "Sasa," akasema, "hata akija mtoto akachomeka, hana la kuwasha." Kisha alitoa kipimo cha umeme, lakini kabla ya kukitumia juu ya mashine alikijaribu katika soketi yenye umeme, ajue kuwa ni kizima. Akapima nyaya za mashine, akakuta hazina kitu. Akarudi tena kwenye soketi kukijaribu kipimo mara ya pili. Nilimwuliza kwa nini. Akasema kwamba kipimo kilichokufa husema kila kitu ni salama.

Alipofungua bamba aliniashiria nisitie mkono. Mota ya mashine ile ilikuwa na kapasita, kijikopo kidogo kama cha rangi ya viatu kilichosimama wima. Kitu hiki huweka akiba ya umeme, na chaweza kuwa nayo hata baada ya plagi kuchomolewa. Alishika rezista kwa koleo lenye vishikio vya mpira, akaunganisha nayo miguu miwili ya kapasita, akasubiri, kisha akapima. Ndipo aliposogeza uso karibu na kazi yangu.

Hakusema neno. Alikata tepu kwa kisu, nayo ikajifungua yenyewe, kwa maana gundi yake ilikuwa imeyeyuka ikawa kama asali. Chini yake shaba ilikuwa nyeusi. Alinieleza, na sasa namwona mwanafunzi wangu akikunja uso, lakini hesabu yenyewe ni nyepesi. Chuma cha kuchemshia maji katika mashine ile kilikuwa cha wati 2,000. Umeme wa nyumba zetu ni volti 240. Gawanya, utapata zaidi kidogo ya ampea 8. Mkondo wote huo ulipita katika vinyuzi nilivyovisokota kwa vidole. Mashine inapokamua nguo hutetemeka, vinyuzi vikalegea. Vilipolegea mguso ukawa mdogo. Mguso ulipokuwa mdogo pakawa na joto. Joto likalainisha gundi, na unyevu wa kufulia ukaingia. Tepu iliyolowa ilikuwa imelalia bamba la chuma. Umeme ulivuja hapo kidogo kidogo, na njia ya kwenda ardhini nilikuwa nimeikunja mwenyewe na kuisukuma pembeni.

Nikamwuliza, "Mzee, kwani fyuzi haikuwapo?"

Akaitoa mfukoni akanionyesha maandishi yake: ampea 13. "Hii humlinda waya," akasema. "Wewe haikujui."

Neno hilo nimelifikiri mara nyingi. Mtu aweza kufa kwa mkondo mdogo sana ukipita kifuani pake. Swichi za kinga zinazofungwa leo katika nyumba hukata umeme zinapoona umepotea thelathini tu katika elfu ya ampea moja. Fyuzi ya ampea 13 hungoja mkondo mkubwa kuliko huo kwa zaidi ya mara 400. Tena umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na misuli ya mkono ikiupata hujikaza. Aliyeshika kwa kiganja aweza kushindwa kuachia. Mimi niligusa kwa kiganja. Kwa nini niliangukia beseni badala ya kubaki pale, sina sifa ninayoweza kuidai.

Fundi alikata nyaya zote mpaka akafikia shaba inayong'aa. Waya wa kahawia na wa buluu aliziunga kwa vijibomba vidogo vya shaba vinavyobanwa kwa koleo maalumu. Nilimwuliza kama kulehemu kwa risasi si bora. Akanijibu kwamba risasi hupanda ndani ya vinyuzi ikavifanya kuwa kijiti, na katika kitu kitetemekacho, waya hukatikia pale kijiti kinapokwisha. Juu ya kila kiungo alivalisha mrija wa plastiki unaojikaza kwa moto. Viungo hivyo hakuviweka sambamba, bali kimoja mbele na kingine nyuma, ili hata vikivuliwa visikutane. Waya wa kijani hakuuunga kabisa. Alitia mwingine mpya, mzima, tangu mwanzo hata kwenye skrubu, akakwangua rangi chini ya skrubu hiyo ili chuma kikutane na chuma. Halafu alizifunga zote mbali na mkanda na pembe kali, akiacha ulegevu wa kutosha pipa linapoyumba.

Mwisho alitoa kisanduku kizee chenye mkono wa kusokota, kama kinu kidogo cha nyama. Ukikisokota hutoa volti 500, nacho hupima kama umeme una mahali pa kuvuja. Kabla ya kuanza kazi alikuwa amekisokota mbele yangu, na mshale wake ulilala karibu na sifuri. Sasa alinipa nisokote mimi. Mshale uliinuka, ukaenda mpaka mwisho wa uso wake, ukakaa huko. Tena akapima kwa kipimo kingine baina ya jino refu la plagi na mwili wa mashine. Vizuizi vilikuwa chini ya omu moja. Omu ni jina la Mjerumani Georg Ohm, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Nilikuwa nimelikariri shuleni nikapata alama nzuri.

Ndipo akairudisha fyuzi. Mama alikuja na nguo, amevaa champali, na mwiko anao. Yule mzee alimwomba angoje kwanza. Mashine ilipowaka, aligusa ubavu wake kwa mgongo wa vidole, si kwa kiganja. Kisha akaniambia nami nifanye hivyo. Siwezi kukuficha: nilichelewa. Chuma kilikuwa baridi na kimya.

Ujira aliouomba ulikuwa mdogo kuliko nilivyotazamia. Aliniagiza nitie swichi ya kinga katika kisanduku cha umeme cha nyumba, nami nikatia mwezi uliofuata; na wavu wa waya chini ya mashine, nao nikautia siku ileile. Alipokuwa akifunga mfuko wake, alimwambia mama kwamba alifanya vyema kumkataza mtoto. Mama akatazama chini. Mimi nikatoka kumsindikiza mzee mpaka barabarani, na njiani hatukuzungumza habari za umeme.

Vile vipande vya waya alivyovikata ninavyo katika kopo la chai. Huvileta darasani mara moja kwa mwaka, ingawa somo langu si hilo, nikawapa wanafunzi wavipitishe mkono kwa mkono, wainuse ile tepu. Hakuna anayeuliza ni kazi ya nani, nami huwaambia kabla hawajauliza.

Mashine ingaliko, na binti yangu amekuwa msichana mkubwa asiyejali tena kutazama nguo zikizunguka. Mama naye angali akiiwasha. Nimemweleza habari ya waya mpya, na ya swichi ya kinga, na ya mshale uliokwenda mpaka mwisho; hunisikiliza kwa adabu, huitikia, kisha hubonyeza kitufe kwa mwiko.